Kielelezo cha Tatu

Wakili wao kauliza: wewe una maslahi gani?
Si mmiliki. Si mpangaji. Hata kodi hujawahi kulipa.

Nikaitazama picha mezani, kielelezo cha tatu:
mlango wa mvule, njumu mbili zimeng'oka,
na ule ukuta wa matumbawe na chokaa
ambao kibali cha ujenzi kinauita
"kiwanja kitupu".

Mheshimiwa Jaji,
baba yangu, Shekue, alikuwa dobi barazani pale.
Pasi yake ya makaa iliunguza kizingiti,
alama ya pembetatu, ipo mpaka leo.
Kama hayo si maslahi
basi sheria inipe neno lingine.

Karani akacheka kidogo. Jaji hakucheka.
Akaandika: kutajwa tarehe ishirini na mbili,
hali iendelee kama ilivyo.
Kama ilivyo, yaani mvua izidi kupenya dari.

Nikarudi kwa miguu kupitia Chumbageni.
Amri ya zuio imebandikwa mlangoni,
joto limelegeza gundi upande mmoja.
Mlinzi wa mkandarasi kakalia alama ya baba,
anamenya chungwa.

Nikaibonyeza kona ya karatasi kwa kidole gumba.
Ikashika.
Nikaondoa kidole.