Makaa ya Kununua

Saa kumi alfajiri, mvua ya Wales juu ya bati,
Eluned anafungua banda.
Injini imepoa kama sufuria ya jana.
Anawasha matambara, kisha kuni, kisha makaa,
koleo baada ya koleo,
hadi mshale wa kipimo ushtuke.

Makaa haya yametoka ng'ambo, kwa meli.
Chini ya viatu vyake umelala mwamba mzima, mweusi,
mdomo wake umezibwa kwa zege
tangu mwaka aliozaliwa.
Mwenye shamba ananunua unga dukani.

Mzee Idwal anasugua shaba yenye jina la injini.
Kifua chake kinapiga miluzi kama vali mbovu.
Jumamosi zote hizi, hapandi.
"Nilipanda," anasema, "siku tuliyomtoa Emrys shimoni.
Inatosha."

Saa nne watoto wanajaa na aiskrimu zao,
masizi yanawatua puani, wanacheka.
Eluned anafuta jasho, dereva anavuta mnyororo,
honi inapasua bonde,

na Idwal, kitambaa mkononi,
anatazama saa yake
kama mtu aliyechelewa zamu.