Nionyeshe Mama Yake

Bwana Chisenga alitoa kwanza lile kubwa,
dume jeusi, shingo kama gunia la makala,
akalizungusha uani mara tatu, polepole,
kama mtu anayeonyesha gari lisilo na deni.
"Kilo mia tisa, Mama Kapya. Mia tisa na ushee."
Mume wangu akapiga mluzi.
Nikamwona akipiga hesabu za bucha la soko la Kenya,
kilo kwa kilo, franka kwa franka,
hadi kidole cha mwisho kikakunjika.

Mimi nikauliza: mama yake yuko wapi?

Walicheka wanaume wale, vumbi la barabara ya Kipushi likiwaingia kinywani.
"Mama, hapa tunauza dume. Hatuuzi ukoo."

Sikucheka.
Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mvua bado,
nililala kifudifudi kwenye udongo mwekundu,
mkono umezama hadi begani ndani ya Mujinga,
mtamba wangu, binti wa dume kama hilo,
nikivuta miguu ya ndama mpana kuliko mlango.
Mwanangu aling'ata simu, taa ikitetemeka kwa meno yake.
Ndama alitoka alfajiri, hana pumzi.
Mujinga hakusimama tena.
Na dada zake watano walikuwa hivyo hivyo:
nyonga za kupitisha sindano,
kiwele cha kuburuza magugu,
ukiwaendea na kamba wanakutazama kama unawadai.
Nyama walikuwa nayo, sikatai.
Wakaenda buchani wote,
zizi likabaki na vikongwe wangu wanne
na ukimya.

Basi nionyeshe mama yake.
Amekufa? Nionyeshe shangazi.

Mchungaji wao, Musonda, kijana wa maneno machache,
alinyoosha fimbo nyuma ya kichuguu.
Jike la rangi ya mchanga, pembe moja imevunjika,
linachagua majani ya Agosti katikati ya majivu.
Nikafungua kinywa chake: meno nusu.
Nikapiga magoti: kiwele kimeshikwa juu,
chuchu nne fupi, kama vidole vya mtoto anayelala.
Kwato hazijawahi kukatwa, wala hazijapinda.
"Ndama kumi na mmoja," akasema Musonda.
"Hakuna hata mmoja niliyemvuta."
Na ule mwaka moto ulipolamba bonde zima?
"Alishika mimba. Mbavu nje, lakini alishika."

Na mwanawe?

Mwanawe alikuwa pembeni, anajikuna kwenye mti,
kahawia, miaka mitatu, wa kati kwa kila kitu.
Si ng'ombe wa kupigwa picha.
Nikatoa utepe wa fundi cherehani
nikapima mfuko wa korodani zake: sentimita thelathini na nane.
Mume wangu akaanza kuchunguza mawingu, na mawingu hayakuwepo.
Mnaona aibu, nikasema, lakini dume mwenye mfuko mpana
binti zake hawachelewi kukomaa.
Hilo aliniambia daktari wa mifugo.
Mengine nimefundishwa na makaburi.
Nikamkuna chini ya kidevu.
Akapumua kiganjani mwangu, pumzi ya majani makavu.

Tulilipa. Bwana Chisenga alihesabu dola mara mbili,
bado anashangaa nani kamdanganya mwenzake.

Kwenye kizuizi, nyuma ya malori ya madini,
mume wangu akasema: "Majirani watacheka."
Wacheke. Dume la nyama tutaazima kwa vikongwe;
wao nyonga wanazo, watoto wao wauzwe.
Huyu ni wa kunizalia akina mama.

Hesabu yake ni ndefu kuliko bei ya kilo.
Miezi tisa tumboni. Miaka miwili na zaidi malishoni.
Miezi tisa mingine.
Ndipo usiku mmoja wa mwezi wa kumi
nitakaa zizini na taa, mikono mikavu,
nikisubiri kuitwa, au kutoitwa.

Kwa sasa ameshuka kwenye lori bila kusukumwa.
Amenusa maji, amenusa vikongwe,
kisha akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la chumvi
kana kwamba aliliacha hapo jana.