Daftari la Kukosea

Baba aliniachia vitu vitatu:
spana kubwa, kofia iliyoliwa na nondo,
na daftari lililolowa mvua za Uskoti
hata kurasa zimevimba kama mkate uliomwagikiwa chai.

Nilidhani ni ramani ya uwanja wa Skerrybrae,
mashimo kumi na manane yaliyobanwa
kati ya reli na Bahari ya Kaskazini.
Nikatafuta bendera. Hakuchora hata moja.
Alitia nukta tu, kwa penseli ya fundi,
na kila nukta ni mpira uliokufa:
huu wa daktari wa meno, Juni, upepo wa kusini;
huu wa kasisi, alilaani kimoyomoyo nikamsikia;
huu wangu, mjinga mimi.

Ukurasa wa shimo la kumi na tano ni mweusi tii.

Leo nipo hapo, mkoba begani,
na Callan Strachan, miaka kumi na tisa,
mabega kama milango ya ghala,
anaongoza kwa pigo moja.
Yadi mia mbili na kumi na mbili.
Bendera wameisimika kushoto, ukingoni,
pua yake juu ya kijito.
Upepo si mkali, ni mnafiki:
huku chini umelala, kule juu unakata.

"Nipe mbao namba tatu, Effie."

Simpi.
Ukipiga kumi kama hii, ngapi zinafika?
"Saba."
Kweli?
Anatazama viatu vyake. "Nne."
Na hizo sita zinalala wapi?
Kijito kinamjibia, taratibu,
kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Baba alikuwa fundi bomba.
Akiingia nyumba ya mtu haulizi maji yatapita wapi.
Anauliza yatavujia wapi,
anaweka ndoo hapo kwanza,
ndipo anafungua mfereji.

Namwonyesha kulia: uwanda mpana, mbaya wa sura,
hauna picha ya gazeti, hauna makofi.
Chuma namba tisa, kisha themanini na kitu za kubembeleza.
Chagua pa kukosea, Callan.
Pa kufika patajichagua.

Anapiga. Anapiga vibaya, tena sana,
mpira unakimbia kama sungura mwenye aibu
na unalala kwenye majani. Majani tu.
Nyuma ya kamba mtu anaguna: mwoga.

Kisha Ludovic Baird, mpinzani wetu,
anachukua mbao namba tatu.
Na unafika.
Naapa, unafika, unapita juu ya kijito
na kukaa hatua mbili kutoka kwenye bendera,
na watu hamsini wanapiga kelele kana kwamba wamejifungua.

Sisi nne, yeye tatu. Tumelingana.

"Umeona?" Callan ananiambia, macho mekundu.
Nimeona.
Nimeona moja kati ya kumi.
Hizo tisa hazikuja leo,
na sina namna ya kukuonyesha kitu ambacho hakikuja.

Sikumwambia kuhusu ukurasa wa mwisho,
usio na namba ya shimo.
Nukta moja, mwandiko uliopinda:
*Kifua, tangu Machi. Nilijua.
Nikasema nipige tu, itavuka.*
Mtu aliyeweka ndoo chini ya kila bomba la mji huu.

Mvua inaanza, ile nyembamba isiyoomba ruhusa.
Natoa penseli, natia nukta ya Callan kulia,
kwenye majani, peke yake, hai.
Yeye amekwisha tangulia shimo la kumi na sita.
Anafuta mpini kwa taulo, anafuta tena,
hatazami bendera.

"Effie," anasema, bado amenuna,
"hapa tukosee wapi?"