Keksi

Usidhani ni keki. Hailiwi, haina sukari.
Keksi ni suruali,
ila si suruali ya kila mdomo.
Kule Bootle, ukipita gati za Liverpool,
neno hili halifungi tai.
Halimo kwenye fomu za benki,
na Bi. Ackerley wa darasa la tatu
alilichora mstari mwekundu kwenye insha yangu,
akaandika juu yake lile jingine, lenye adabu zake.

Daima ni wingi, hata nguo ikiwa moja:
labda wanahesabu miguu.
Wenye kamusi wanakisia lilitokana na teke.
Mama hakukisia. Alisimama chini ya ngazi:
"Vaa keksi zako! Basi halimngoji mtu!"
Na baba, Alhamisi, kabla ya mshahara,
aligeuza mifuko nje kama masikio ya sungura:
"Keksi zina njaa, Philomena."

Nikaenda London. Ofisi ya bima, zulia jipya.
Siku ya pili nikajimwagia chai,
neno likanitoka kabla sijalishika.
Wakashika mbavu. Mmoja akadhani nimetaja chupi.
Tangu hapo nikaanza kusema kama redio.

Miaka kumi na minane.

Februari, mzee Threlfall wa majeneza
alikaa kwenye kochi letu, daftari gotini.
"Atavaa nini?"
Nikajibu mimi, maana ndiye mwana, ndiye msomi:
"Shati jeupe. Sweta. Suruali ya kijivu."
Mama hakuwa amefungua kinywa tangu Jumanne.
Akaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba.
"Suruali ya nani?
Wilf hakuwahi kuvaa suruali maisha yake yote.
Mvisheni keksi zake. Za kahawia.
Zile za kiraka."

Threlfall akaandika.
Hakuuliza herufi. Hakucheka.

Usiku nikazitandika mezani, nikawasha pasi.
Goti la kulia, kiraka cha mkono wa mama,
uzi mweusi juu ya kahawia, kwa kuwa kahawia uliisha.
"Keksi," nikasema. Hakuna aliyesikia
isipokuwa mvuke.
Likatoka na kutu kidogo.
Nikasema tena.

Mfukoni mlikuwa na peremende moja iliyogandana na karatasi yake,
na msumari wa inchi mbili, sijui wa kazi gani.
Peremende nikaitoa.
Msumari nikauacha.