Dakika Mia na Kumi

Ubao umeandika: dakika mia na kumi.
Joka la Theluji, hapa Florida, mwezi wa Julai,
jua likitukaanga bila mafuta.
Joka lenyewe hupita juu ya vichwa vyetu
kwa dakika moja na nusu,
limebeba mayowe ya watu wengine.

Mbele yetu amesimama mtu mmoja tu,
mzee mpole wa fulana ya kijani:
UKOO WA PRUITT, MKUTANO WA ISHIRINI.
Nikampenda. Alimpa binti yangu peremende ya mnanaa.
Dakika ya arobaini: "Samahani, niko na yule,"
akapita mmoja wa kijani.
Kisha wawili. Kisha mama na mapacha,
vijana sita na soda zao,
shangazi mwenye plasta mguuni,
mpaka yule mzee mmoja akachipua kama mgomba
nami nikawa nimesimama nyuma ya shamba zima.
Mvumilivu hula mbivu, nikamwambia Junie.
"Mbivu zimekwisha, baba. Wamekula wa kijani."

Siwezi kuwataja wote.
Lakini yule bwana aliyesimama ghafla mlangoni,
mlango wenyewe mmoja,
akakunjua ramani kama anayetandika kitanda,
yule nitamkumbuka hata kaburini.

Na kile kigari cha mtoto
kilichonigonga kisigino mara tatu!
Nikageuka nimtazame malaika aliyelala ndani:
mna barafu, chupa kumi na mbili, na feni.
Malaika anatembea kwa miguu, pembeni, akilia.

Na dada wa dirisha la viazi.
Nusu saa amesimama chini ya orodha ya vyakula
iliyo kubwa kama ukuta wa kanisa.
Akafika. Akainua uso. Akauliza:
"Eti, mna nini?"
Watu arobaini tukavuta pumzi moja.
Mke wangu Rhonda alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akalia kidogo, kwa njaa.

Dakika ya mia na tisa
kijana wa langoni akanyoosha mkono.
Hitilafu ndogo, akasema. Joka linapumzika.
Juu yetu wa kijani walining'inia, kimya,
miguu yao ikibembea hewani.
Sikufurahi.
Nilifurahi kidogo.

Usiku, fataki.
Tulitandika taulo ukingoni tangu saa moja,
tukalilinda kama shamba la mahindi.
Fataki ya kwanza ilipopaa,
mama mmoja mbele yetu akainua kioo chake, kipana kama sinia,
nami nikaiona mbingu humo ndani,
ndogo, ikichelewa kidogo.

"Baba, sioni."

Sikufikiri. Niliinama, nikampakia mabegani.
Akanishika masikio kama usukani.
"Naona! Naona mpaka mwisho!"
Visigino vyake vilinipiga kifuani
kila cheche ilipopasuka.

"Bwana," sauti ikasema nyuma yangu.
"Bwana, samahani. Na sisi tumelipa."
Nilisikia.
Nilimsikia pia mtoto akiuliza, "Babu, kuna nini huko?"
na babu akimweleza:
sasa nyekundu. Sasa kama mvua. Sasa moshi.
Nikakaza shingo, nikatazama mbele,
kwenye migongo na simu, kama kiziwi,
mpaka ya mwisho ikazimika.

Tulipogeuka, palikuwa na fulana ya kijani,
imekunjamana, na mvulana ameshika pindo lake.
Yule mzee hakunitazama.
Aliingiza mkono mfukoni, akapapasa,
akamnyooshea Junie peremende,
kisha akaondoka na mjukuu wake
kuelekea kwenye foleni ya kutoka.

Mimi sikupewa.
Tukajipanga nyuma yao.