Kibirika Chekundu

Februari, saa saba mchana, Barabara ya Mandela,
foleni imeganda kuliko mzigo wangu.
Mgongoni mabonge ya barafu, kilo mia sita,
yamefunikwa magunia na maranda ya mbao;
chini ya kiti changu injini inachemka.
Ndilo gari langu hilo:
nyuma baridi inalia, mbele moto unanung'unika,
na mimi katikati, jasho hadi kwenye kope.

Ndipo kikawaka.
Chini ya mshale wa mwendo,
kibirika kidogo chekundu, tone linaning'inia mdomoni
kama kinataka kunimiminia chai.
Nikikanyaga mafuta, kinafifia.
Nikiachia, kinarudi.
Na humo ndani, ka-ka-ka-ka,
mtu anagonga mlango kwa pete.

Gerezani kila mtu ni daktari.
"Tia ishirini-hamsini, dada, nzito kama asali,
Dar hii, si Ulaya!"
"Tia yoyote. Oili ni oili."
Kiwelu wa dukani ananisogezea dumu la dhahabu,
bei yake hasemi, anaikohoa.
Na mimi nina kibandiko changu mlangoni,
kilichoshuka na gari bandarini:
sufuri-ishirini.
Miaka minne nimekitii
kama hirizi niliyovishwa na mtu asiyenijua.

Fundi Mbonde hakujibu hodi ya yeyote.
Alichomoa kijiti, akakifuta kwa kipande cha kanga
kilichobakiwa na nusu ya methali, WEMA HAUO,
akakichovya tena, akakiinua juani.
Oili ikamtoka kidoleni
kama mchuzi wa siku ya tatu, ulioongezwa maji
wageni walipozidi.
"Wingi upo," akasema. "Uzito hakuna."

Akaegemeza bati ukutani, akaliacha lishike moto.
Akadondosha matone matatu, ya madumu matatu.
La kwanza likakimbia
kama mdaiwa aliyemwona mdai wake.
La pili likashuka, halina haraka, halina ajizi.
La tatu likatembea kama bibi harusi.

"Hilo la tatu," nikasema.
"Subiri. Wewe unawasha saa ngapi?"
"Saa kumi alfajiri."
"Gari limelala, oili yote imetuama chini.
Inatakiwa ipande juu upesi, kabla chuma hakijala chuma.
Bibi harusi wako atafika
wageni wamekwisha kunawa."

Kisha akaandika kwa chaki kwenye tairi.
"Namba hii ya mbele, yenye W, ni habari za baridi.
Watu wa Makete waisome vizuri.
Hapa mtu akiamka anatetemeka, ana malaria.
Hii ya nyuma ndiyo jua lako. Ndiyo foleni.
Ndiyo barafu unayopandisha nayo Kimara."

Akatoa kijitabu kwenye droo ya gari,
kurasa zimegandana, maandishi ya Kijapani mwanzo mwisho.
Hakijui Kijapani, wala mimi;
lakini palichorwa kipimajoto, na mistari kando yake,
na kipimajoto hakihitaji mkalimani.
Kidole chake cheusi kikapanda, ishirini, thelathini,
kikasimama penye arobaini.
"Injini imetembea laki tatu na ushee,
beringi zimelegea kama meno ya bibi yangu.
Tutatia kumi-arobaini. Na chujio jipya.
Hamsini tuiache, hatujafika huko."

Kiwelu akarudisha dumu lake rafuni, akalipangusa vumbi.

Siku hizi alfajiri, Chang'ombe bado giza,
nageuza ufunguo. Kibirika kinawaka.
Ka, mara moja.
Nahesabu: moja, mbi—
kinazimika.
Nasikiliza kidogo zaidi, kwa mazoea,
kama mama mwenye mtoto aliyepona degedege.

Barafu bado inayeyuka.
Nikifika Tandika nyuma pananichirizika,
na wanunuzi wa samaki wananidai kilo zilizobaki njiani.
Hilo halina namba kwenye dumu.