Karani wa Vyeti

Mvua ya Kakamega haichelewi kazini.
Ikigonga saa tisa, radi imeshapiga muhuri
juu ya mabati ya Amalemba,
na stima, kama kawaida yake, imeaga.

Ikirudi, ruta inakonyeza kijani, kijani, kijani.
Simu yangu inapata mtandao, inapata hata picha
za harusi ya watu nisiowajua.
Ila kompyuta hii, mzee mwenzangu,
inanigeuzia uso:
tovuti hii si salama.
Benki si salama.
Ofisi ya pensheni si salama.
Hata gazeti, nililolisoma tangu likiuzwa kwa senti,
si salama.

Nilichomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha.
Mideva wa jirani, kidato cha tatu, mikono mfukoni,
akasema zima, washa. Nikazima, nikawasha.
Nikaipigia kampuni, nikabonyeza moja,
nikabonyeza tatu, nikasikilizishwa kinanda robo saa,
sauti ikanijibu: kwetu huku tunaona uko sawa.
Shiundu wa pale stendi akaja na mkoba wake,
hakugusa kitu, akataka elfu sita za ruta mpya.
Nilimnywesha chai, akaondoka nayo hiyo tu.

Siku ya nne nikaacha kubishana, nikasoma.
Miaka thelathini na mmoja nilikaa dirisha namba mbili,
usajili wa vizazi na vifo;
kama kuna kazi niijuayo, ni kusoma maandishi madogo:
cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

Bado?

Macho yakashuka hadi kona ya chini, kulia,
pale pasipotazamwa na mtu:
tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na tisa,
saa sita usiku na dakika ishirini.

Kumbe kila stima ikikatika
mashine inasahau yote, inaamka siku ileile,
halafu dunia inapanga foleni dirishani kwake
na vyeti vya tarehe ambazo hazijafika.

Mimi pia ningekataa.
Mwaka wa tisini na saba nilimrudishia mtu karatasi,
kaandikisha mtoto wa Agosti
na sisi tuko Juni.
Atakuja tu, karani, aliniambia.
Akija, njoo naye, nikamjibu.
Basi mashine yangu haikuwa mgonjwa.
Ilikuwa kazini.

Nilifungua ubavu wake kwa bisibisi ya cherehani ya Rispa.
Vumbi, bawa la kumbikumbi,
na betri bapa, mfano wa sarafu iliyochakaa.
Wepukhulu, fundi saa wa nyuma ya soko,
alinipa nyingine kwa shilingi themanini,
akaigusa ulimini kwanza, akatikisa kichwa: iko hai.

Kabla sijairekebisha tarehe nilikaa kidogo
katika mwaka ule wa kona.
Goti halijaanza kuuma. Rispa yuko mlangoni, vitambaa begani,
anaigombeza kompyuta kwa kumnyang'anya meza.
Nilikaa kama dakika saba. Kisha nikabofya.

Lakini mkono hufuata mdomo.
Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua inaanza,
nami nikaandika tisa.
Jioni Khasandi akajibu kutoka Eldoret:
Baba, barua yako inasema umeiandika saa tatu asubuhi,
na ndani unalalamika mvua ya alasiri.
Huko kwenu mvua siku hizi inawahi hivyo?

Nimeiacha hivyohivyo.
Leo stima imekatika, imerudi,
na mwaka umebaki mahali pake.
Tunadaiana saa sita tu, mimi na mashine;
kwa umri wetu, hilo si kosa
la kumrudishia mtu karatasi yake.